Upepo Mmoja, Bahari Mbili: Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki

Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa kisiwani Pemba. Wataalamu wa Australia walikichunguza, na Septemba mwaka huohuo ikathibitishwa kuwa kilitoka kwenye ndege ya Malaysia Airlines, MH370, iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Inaaminika ndege ile iliangukia kusini mwa Bahari ya Hindi, upande wa Australia. Maana yake kipande kile kilivuka bahari nzima hadi Pemba kikibebwa na maji na upepo tu.

Njia kiliyopita inaeleweka. Pepo za kusini-mashariki zinazovuma juu ya Bahari ya Hindi husukuma maji ya juu kutoka upande wa Indonesia na Australia kuja magharibi. Huo ndio Mkondo wa Ikweta wa Kusini. Hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha hugonga bara karibu na mpaka wa Msumbiji na Tanzania na kugawanyika. Sehemu moja huteremka Mlango wa Msumbiji. Nyingine hupanda kaskazini kupitia Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba na Mombasa. Hii ya pili ndiyo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki.

Tusiuchanganye na maji kupwa na kujaa. Kupwa na kujaa ni kazi ya mwezi na jua, na maji hayo huingia na kutoka kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za kujaa na kupwa kukubwa, hukimbia kwelikweli kwenye milango ya visiwa. Mkondo ninaouzungumzia hapa haurudi nyuma jioni.

Wala haurudi nyuma ikivuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki. Hapa wengi hukosea, hata watu waliosoma: hudhani kwa kuwa upepo umegeuka, basi na mkondo umegeuka. Kwenye pwani ya Tanzania na kusini mwa Kenya mkondo huelekea kaskazini mwaka mzima. Kinachobadilika ni kasi. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, unaweza kukaribia mita 2 kwa sekunde, yaani noti (maili za baharini kwa saa) 4 hivi. Kaskazi ikivuma kinyume chake, hupungua sana. Jambo hili si la darasani tu. Mashine ya boti ikizimika Julai nje ya Dar es Salaam, mkondo wa noti 4 unaweza kuisogeza zaidi ya kilomita 70 kwa saa kumi, kwa hiyo anayeitafuta asubuhi mahali ilipozimikia anapoteza muda.

Mambo hubadilika ukifika kaskazini mwa Malindi. Mkondo wa Somalia, tofauti na wa kwetu, hugeuka kabisa kila msimu. Wakati wa kusi mikondo hii miwili huungana na kukimbilia kaskazini. Wakati wa kaskazi ule wa Somalia huteremka kusini, hukutana na wa kwetu kwenye pwani ya kaskazini ya Kenya, na yote miwili huacha pwani na kuelekea mashariki, bahari kuu. Maji yanapoiacha pwani, yale ya chini hupanda kushika nafasi. Ndiyo sababu eneo la nje ya Lamu na Malindi huwa na rutuba zaidi majira hayo.

Kupanda huku kwa maji ndiko kunakoamua penye samaki. Maji ya juu yenye jua tele huishiwa virutubisho upesi, kwani vinavyokufa huzama navyo. Maji ya kina yana baridi na yana virutubisho. Yakifika kwenye mwanga, mimea midogo isiyoonekana kwa macho hustawi, wadudu wa majini huila, dagaa na vibua huwala hao, na jodari hufuata dagaa.

Sasa tazama jinsi upepo mmoja unavyofanya kazi mbili. Kwa kuwa dunia inazunguka, maji yanayosukumwa na upepo hupinda: kushoto kusini mwa ikweta, kulia kaskazini mwake. Simama ufukweni Dar es Salaam mwezi Julai, uipe kusi mgongo. Kushoto kwako ni nchi kavu. Maji ya juu husogezwa pwani, hujikusanya na kuzama. Ya kina hayapati nafasi ya kupanda. Nenda Ras Hafun, Somalia, mwezi huohuo, upepo uleule ukiwa umeshavuka ikweta. Upe tena mgongo: kulia kwako ni bahari wazi. Maji ya juu hutupwa nje, ya chini hupanda, na joto la bahari huweza kushuka chini ya nyuzi 20 katikati ya tropiki. Bahari hiyo ya baridi hutoa mvuke kidogo, na ni mojawapo ya sababu za ukame wa pwani ile.

Mkondo hubeba pia mayai na vichanga vya samaki, kamba na matumbawe. Maji yanayopita Mafia, penye hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1995, huendelea Unguja, Pemba na Kenya. Mazalia yakilipuliwa kwa baruti kusini, hasara hufika hadi kaskazini, kwa wavuvi wasiohusika kabisa.

Bahari hii hugusa pia mvua za vuli, zile za mwisho wa mwaka, ila kiini chake kipo mbali zaidi. Kipindi cha maleleji, kati ya kusi na kaskazi, kwa kawaida upepo wa magharibi juu ya ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Sumatra. Miaka mingine upepo huo hudhoofika au hugeuka. Maji ya moto hubaki upande wetu, na mawingu nayo hubaki. Ilitokea 1997, pamoja na El Niño, na ikatokea tena kwa nguvu 2019, mwaka wa mafuriko makubwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo ikifika Agosti, watabiri wa vuli huwa tayari wanalinganisha joto la bahari ya Sumatra na la huku kwetu.