Jeni mbovu, moyo mzima: maswali kuhusu PCSK9

Siku hizi DNA inasomwa herufi kwa herufi. Inatusaidia nini?

Kusoma tu hakutoshi. Kila mtu ana mamilioni ya herufi zinazotofautiana na za jirani yake, na nyingi hazimdhuru wala kumfaa. Kazi ni kujua ipi imebadilisha nini mwilini. Mfano ninaoupenda ni jeni iitwayo PCSK9.

Kazi yake ilijulikanaje?

Fundi umeme asiyejua swichi ipi ni ya taa ipi huzima moja, akaangalia wapi pameingia giza. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliikuta PCSK9 ina hitilafu inayoizidishia nguvu katika familia zenye lehemu (kolesteroli) nyingi mno. Kule Dallas, Marekani, Helen Hobbs na Jonathan Cohen wakaligeuza swali: je, wale ambao lehemu yao iko chini sana? Wakaisoma jeni hiyo kwa watu 128 wa aina hiyo. Baadhi yao walikuwa na herufi moja tu iliyobadilika, ikawa kama nukta katikati ya sentensi, na protini ya jeni hiyo, iitwayo pia PCSK9, ikakatika kabla ya kukamilika.

Kwani PCSK9 hufanya nini?

Seli za ini zina vipokezi vinavyonasa LDL, lehemu inayoziba mishipa. Kipokezi ni kama mchukuzi wa sokoni: akishatua gunia, anarudi kubeba jingine. PCSK9 ikimng'ang'ania, harudi. Anamalizwa humo humo ndani. Isipokuwepo, wachukuzi wanabaki wengi.

Na asiye nayo hadhuriki?

Hapa ndipo penye utamu. Utafiti wa 2006 ulionyesha kuwa Wamarekani weusi wenye nakala moja iliyokatika walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88. Zimbabwe alipatikana mwanamke aliyerithi ubovu huo kwa baba na mama. LDL yake ilikuwa kama miligramu 15 kwa desilita, naye mzima wa afya.

Basi nikapime DNA?

Hapana, kapime lehemu kwanza. Ikiwa juu, kwa kawaida utaanza na vidonge vya statini. Sindano za kuzuia PCSK9 zipo tangu 2015, ila bei yake inauma. Kama mzazi wako alipata mshtuko wa moyo akiwa bado kijana, mwambie daktari, na ndugu zako wakapime pia.