Breki za trela ya boti: yasemwayo na ukweli wake

Pepo za kusi zikishika, boti nyingi za uvuvi hapa Malindi hupandishwa bara kwa trela, na nyingine huvutwa barabarani hadi Watamu au Kilifi. Kuhusu breki za trela hizo yapo maneno yanayorithiwa tu bila mtu kuyachunguza.

La kwanza: "Gari lina nguvu, litaisimamisha trela." Nguvu ya kuvuta si nguvu ya kusimamisha. Gari la tani 2 likivuta boti na trela yake ya tani 2, breki zake zinabebeshwa tani 4. Na kwenye kona, trela isiyojizuia husukuma nyuma ya gari hadi vyote viwili vijikunje.

Linalonikera zaidi ni hili: "Breki ikilegea, kaza fimbo." Trela nyingi ndogo hutumia breki za msukumo: gari linapopunguza mwendo, trela hulisukuma, kichwa cha kuungia kinarudi nyuma, fimbo inavuta waya, na viatu vya breki vinabana ndani ya dramu. Viatu vikilika, pengo liko kwenye gurudumu. Ukikaza fimbo unaficha pengo lile lile, na unaweza kuacha breki zikiburura muda wote.

Kazi huanzia kwenye magurudumu. Trela iwe mahali tambarare, gurudumu la upande mwingine lizuiwe kwa mawe, handibreki iachiliwe kabisa, na chasi ikae juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Zungusha gurudumu kuelekea mbele tu, kwa sababu trela nyingi zina utaratibu unaoachia breki trela inaporudi nyuma, na ukizungusha kinyume utapata kipimo cha uongo. Kaza kirekebishi, yaani kile kinachosogeza viatu karibu na dramu, hadi gurudumu likwame, kisha kilegeze kidogo kidogo hadi lizunguke likigusa kwa mbali sana. Fanya vivyo hivyo kwa kila gurudumu, ndipo ushike fimbo uondoe ulegevu uliobaki. Kipande kinachogawa nyaya kikikaa mshazari, upande mmoja unashika kuliko mwingine, na hapo trela itavuta kando.

Wengine hudhani gurudumu likigoma kabisa ukikanyaga breki, basi breki ni nzuri. Tairi iliyogoma inateleza, na trela inayoteleza huyumba.

Kuhusu maji ya chumvi, "trela imetengenezwa kuingia baharini" haitoshi kuwa jibu. Dramu iliyopata moto njiani ikizamishwa mara moja, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, ikavuta maji kupita sili hadi kwenye beringi. Isubiri ipoe, na ikitoka isuuze kwa maji yasiyo na chumvi hadi ndani ya dramu.

Baada ya marekebisho, vuta kilomita chache ukifunga breki mara kadhaa, simama, halafu sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko wenzake inaburura, na iliyobaki baridi haifanyi kazi.