Wahadhiri Wanawake Wanakwama Ngazi ya Pili

Ukipita kwenye korido za vyuo vyetu ukasoma vibao vya milangoni, majina ya wanawake utayakuta kwa Wakufunzi Wasaidizi na Wahadhiri Wasaidizi. Vyeo vikipanda, yanapungua. Juu ya hapo kuna Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa.

Pagumu ni kutoka Mhadhiri Msaidizi kwenda Mhadhiri, maana hapo inatakiwa shahada ya uzamivu (PhD). Ni miaka mitatu, minne au zaidi ya utafiti, na kwa wengi inaangukia kwenye miaka ileile ya kuzaa na kulea.

Mwenzangu mmoja hapa Mtwara alikaa na pendekezo lake la utafiti miaka miwili droo imefungwa. Nilipomuuliza alilitoa, ukurasa wa kwanza una doa la uji wa mtoto. "Dada, nikienda Dar es Salaam huyu namwachia nani?" Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Huwezi kwenda kuonana na msimamizi asubuhi, jioni ukarudi kunyonyesha.

Halafu kuna kazi zisizoandikwa popote. Mwanafunzi wa kike akipata matatizo, anaelekezwa kwa mwalimu wa kike. Wageni wakija, mapokezi ni yeye. Kikao kikikosa wa kuandika muhtasari, macho yote kwake. Kamati ya kupandisha vyeo ikikaa, inahesabu makala zilizochapishwa majaridani. Usiku aliokesha na binti wa watu hospitalini hauna safu yake kwenye fomu, na hilo linaniuma sana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua mapacha, na muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kila siku arudipo kazini. Baba anapewa angalau siku 3. Siku 84 zinalinda mshahara, lakini makala ambayo angeandika miezi hiyo haina wa kuilinda.

Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ana bibi, ana wajomba. Basi ukoo huohuo umshike mtoto mama yake asome, na mume naye asiuite ulezi wake "kumsaidia mke".

Wakuu wa idara, gaweni vipindi na kamati kwa maandishi, ionekane nani amebeba nini. Wapimaji, miezi ya uzazi iondoeni mnapohesabu makala za mtu.

Nawe dada, kila kamati uliyokaa iandike, na tarehe, uiambatishe kwenye maombi yako ya cheo. Na hilo pendekezo la droo, lilete ofisi ya jinsia wiki hii tulisome wote, hata kama lina doa la uji.