Saksafoni si tarumbeta

Saksafoni ni ala ya kupuliza ya jamii ya mbao. Wengi wanaoiita tarumbeta hukataa hapohapo, kwa kuwa shaba wanaiona kwa macho yao. Jamii hiyo ilipewa jina zamani, wakati filimbi, obo na klarineti zote zilichongwa kwa mti, na klarineti nzuri hadi leo ni za mpingo, huu wetu wa Kilwa na Lindi. Lakini kinachoamua ala iwe upande gani ni sauti inazaliwaje. Kwenye tarumbeta, midomo ya mpulizaji ndiyo inayotetema. Kwenye saksafoni kinachotetema ni ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachofungwa kwenye kipulizio, na noti hubadilika kwa kufungua na kuziba matundu ya ubavuni.

Kwa kipimo hicho hata ala za pwani zinajipanga zenyewe. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote mbili hupulizwa kwa midomo, kwa hiyo ni ndugu wa tarumbeta. Mbiu ya pembe vilevile. Zumari ina ulimi unaotetema, basi inakaa upande wa saksafoni. Majina yenyewe yalikuja kwa njia mbili: tarumbeta tulilichukua kwa Wareno, zumari kwa Waarabu. Anayeona neno saksafoni linamkwama mdomoni angesema zumari kubwa, nami ningemwelewa.

Mkanganyiko ulianza na aliyeibuni saksafoni. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyezaliwa Dinant mwaka 1814, alikuwa amekwisha kuboresha klarineti ya besi kabla ya kupata hataza ya saksafoni huko Paris mwaka 1846. Alichukua kipulizio chenye ridi moja, kama cha klarineti, akakiweka kwenye bomba la shaba linalopanuka kuelekea chini. Bendi za kijeshi zikaipokea, ikapangwa mstari mmoja na tarumbeta, na hapo ndipo macho yalipoanza kutudanganya. Kwetu imeingia kwenye dansi na kwenye matarumbeta ya harusi. Lakini msikilize Verckys akiipuliza katika OK Jazz, bendi ya Franco wa Kongo: ule mkwaruzo mtamu ni wa mwanzi.

Lingekuwa suala la jina tu, nisingeandika. Kinachoniuma ni kwamba jina baya linaleta matunzo mabaya. Tarumbeta unaifungua, unaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unatia mafuta kwenye vali, kesho inalia vizuri. Kisha mtu yuleyule anaitumbukiza saksafoni kwenye beseni hilohilo. Saksafoni ina pedi zaidi ya 20, kila moja ni sufu iliyoshindiliwa, ikavikwa ngozi na kubandikwa kwa gundi ndani ya kikombe cha chuma. Zikilowa zinavimba, zikikauka zinajikunja, na hazikai tena sawasawa juu ya matundu yake. Noti za chini zinagoma au zinatoka kwa kukoroma. Mpulizaji anabadilisha ridi, anang'ata zaidi, mwishowe anasema ala imezeeka. Kumbe inavuja.

Kuvuja kunapimika. Ingiza taa ndogo nyembamba ndani ya bomba ukiwa gizani, ziba matundu kwa kubonyeza kidogo tu, uone mwanga unapenyea wapi. Au chukua ukanda wa karatasi ya kusokotea sigara, uubane chini ya pedi, uvute polepole kila upande: pale unapoteleza bila kushikwa ndipo penye tatizo. Kubadilisha pedi ni kazi ya fundi.

Pedi ya noti ya Sol kali, yaani G#, ina tabia yake. Hukaa imefungwa muda wote, na springi inayoinua kikombe chake ni dhaifu, kwa hiyo mate kidogo yaliyochanganyika na soda yanatosha kuigandisha. Kibonyezo kinashuka, pedi haiinuki. Weka karatasi safi kavu katikati, bonyeza, achia, rudia mpaka karatasi itoke kavu. Usiivute ikiwa imebanwa, utachana ngozi. Poda usitie kabisa, na mafuta yaishie tone moja kwenye maungio ya vyuma, mbali na pedi.

Basi bendi ikimaliza kupiga na vyombo vikikusanywa vioshwe, ya kwako iweke kando. Toa ridi uifute, pitisha kitambaa chenye kamba ndani ya bomba na ndani ya shingo. Maji ya uvuguvugu ni ya kipulizio peke yake. Na wakikuambia tarumbeta zote zinaoshwa, waambie kwa upole kwamba hii ya kwako ni saksafoni.