Gari lililoelea hewani

Tulikuwa tumeunganisha simuleta mbili, yaani programu zinazoigiza magari na ardhi, kwa zoezi la pamoja. Kwenye kompyuta yangu gari la deraya lilikuwa limetulia barabarani. Kwenye skrini ya mwenzangu, magurudumu yalikuwa juu ya ardhi, mtu angeweza kutambaa chini yake. Tulikagua pakiti za data zilizopita kati yetu siku nzima bila kuona kosa. DIS, kiwango cha IEEE 1278 cha mawasiliano kati ya simuleta, hutaja mahali pa kitu kwa mita kutoka kitovu cha dunia. Katika tarakimu za mamilioni, tofauti ya mita moja haikuvuti jicho.

Ujumbe ulikuwa sahihi. Ila kila simuleta ilikuwa na ramani yake ya miinuko.

DIS ilizaliwa na SIMNET, mradi wa Marekani wa miaka ya 1980 uliounganisha simuleta za vifaru, na ninauheshimu sana ubunifu wake. Kila kompyuta hutangaza kitu chake kilipo, kinakoelekea na kasi yake. Wanaopokea hukadiria mwendo wenyewe. Mwenye gari naye hupiga hesabu hiyohiyo, na hutuma taarifa mpya pale makadirio yanapoachana na hali halisi kupita kiasi kilichokubaliwa. Hata gari likisimama, kwa kawaida hutangazwa kila sekunde 5. Likinyamaza sekunde 12 huhesabiwa limeondoka.

HLA, njia nyingine ya kuunganisha simuleta, iliyofanywa kiwango cha IEEE 1516 mwaka 2000, hupitisha mawasiliano kwenye programu ya kati, RTI, na wote hufuata hati moja ya data iitwayo FOM. RTI husimamia hata saa: simuleta huomba kusogea mbele, nayo hungoja hadi ihakikishiwe kwamba hautakuja ujumbe wa wakati uliokwisha kupita. Pale mfuatano wa matukio ni lazima, mimi huchagua HLA bila kusita.

Lakini FOM nayo haikuambii kilima kina urefu gani. Wengi hulibandika gari kwenye ardhi ya anayepokea, na picha inapendeza. Mimi siipendi dawa hiyo. Dereva anaamini amejificha nyuma ya tuta, kumbe kwa mpinzani wake tuta halipo, anaonekana mzimamzima.

Sisi tulichagua nukta kadhaa barabarani, tukasomeana kimo cha kila moja. Ya tatu ikapishana. Tukafuta ramani zote mbili, tukapakia moja, na sasa nukta hizo husomwa kabla ya kila zoezi.