Picha za karibu za nyeusi na nyeupe: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: Ukiondoa rangi, picha inakuwa ya kisanii yenyewe.

Hii ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko zote. Piga picha ya nyanya zilizochanganywa na hoho za kijani kwenye genge lolote la Kariakoo. Kwenye rangi zinapendeza, kila moja inamsukuma mwenzake. Ondoa rangi, na mara nyingi zote zinakuwa kijivu kile kile, hujui nyanya inaishia wapi na hoho inaanzia wapi. Rangi ikitoka, kinachobaki ni mwangaza wa kila kitu, na nyekundu na kijani zinaweza kulingana kabisa kwa mwangaza.

Kwa hiyo tunza faili la rangi. Programu nyingi za kuhariri, hata za simu, zinakuruhusu kupandisha au kushusha mwangaza wa kila rangi peke yake: pandisha nyekundu, nyanya zinang'aa na hoho zinabaki na kijivu chao. Enzi za filamu, kazi hiyo ilifanywa na kioo chekundu kilichofungwa mbele ya lenzi. Kinapitisha wekundu, kinazuia bluu na kijani.

Dhana: Jua la saa sita mchana halifai kitu.

Nusu kweli. Kinachoonyesha mikwaruzo na vinundu vya kitu ni pembe ya mwanga, si saa. Mwanga ukipita kwa ubavu, kila kinundu kinatupa kivuli chake. Ukigonga uso moja kwa moja, vivuli vinakufa. Basi vitu vilivyolala chini, kama mkeka au nyavu zilizoanikwa, vipige saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Ila ukuta umesimama! Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la saa sita na ushei linapita utosini na kuteremka likiparuza ukuta kuanzia juu. Nenda wakati huo kwenye kuta za matumbawe za Old Boma pale Sokoine Drive, jengo la miaka ya 1860, uone kila kovu la chokaa linavyojitokeza. Mwezi Juni jua limehamia kaskazini, hivyo tafuta ukuta unaotazama huko. Wenzako wenye kamera watakuwa wamekaa kivulini wakisubiri jioni. Waache.

Dhana: Utofautishaji (tofauti ya weusi na weupe) ukiupandisha hadi mwisho, picha inapata nguvu.

Chukua kinyago cha mpingo pale Mwenge. Kikijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na mpingo unatoka na rangi ya majivu. Hapo mtu anakimbilia kitufe cha utofautishaji ili aurudishe weusi. Weusi unarudi, lakini alama za patasi zimezama humo humo. Dawa ni kushusha mwanga kabla ya kupiga: gusa skrini, teremsha kialama cha jua. Kisha mwombe fundi akigeuze kinyago taratibu mpaka mng'ao upite kandokando ya michirizi. Weusi mtupu na weupe mtupu uwe kidogo tu. Mambo yote ya mguso, yaani yanayokufanya uhisi kama unakigusa kitu, yako kwenye vijivu vya katikati, na weupe ulioungua kwa mwanga kupita kiasi kwenye kamera ya dijitali haurudi.

Dhana: Lazima upate kitu kizuri cha kupiga.

Mwaka 1930 mpiga picha Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili hoho moja ndani ya faneli la bati na kuipiga, na picha hiyo inatazamwa mpaka leo. Pale Feri, soko la samaki, kila mgeni anataka jodari mkubwa. Mimi naona magamba ya changu kwenye meza iliyochakaa yana kazi zaidi, na muuza samaki hatakudai chochote kwa magamba.

Dhana: Sogea kadiri uwezavyo, washa flashi.

Kila lenzi ina ukaribu wake wa mwisho, ukiuvuka, picha inatoka na ukungu. Rudi nyuma kidogo, utakata kingo baadaye. Ukiwa karibu, eneo linalotoka kali ni jembamba mno, kwa hiyo weka simu sambamba na uso wa kitu. Flashi ya simu inatoka pale pale lenzi ilipo na inafuta vivuli, kila kitu kinaonekana bapa. Izime, tumia tochi ya simu ya mwenzako aishike kwa pembeni.