Mchoro wa Mteja Haupigiwi Ramli

Malalamiko yanayotufikia kuhusu tiba jumuishi ya kisaikolojia, ile inayochanganya mazungumzo na sanaa na kuusikiliza mwili, yanafanana. Mteja alitafsiriwa mchoro wake, alishikwa mabega bila kuulizwa, au alitoka kikaoni akiwa hoi kuliko alivyoingia. Yote matatu yanazuilika.

Kikao cha dakika 50 hakianzi na karatasi. Huanza na mwili: nyayo zote mbili sakafuni, mgongo kwenye kiti, kisha swali dogo: unahisi nini, na wapi? Kifua kubana, taya kukaza, tumbo kusokota, hata "sihisi kitu", ni jibu tosha. Macho si lazima yafumbwe. Aliyepitia ukatili anaweza kufumba macho, akavuta pumzi ndefu, na kujikuta yuko kulekule alikoumizwa. Kwa hiyo mteja huanzia mahali palipotulia mwilini, mara nyingi nyayo au viganja, ndipo aguse palipobana kwa sekunde chache na kurudi.

Vifaa navyo vina tabia zake. Penseli na rangi za nta hutii mkono, humfaa mwenye hofu nyingi. Rangi za maji hutiririka zinakotaka na huamsha hisia haraka. Kumpa rangi hizo mtu ambaye tayari anatetemeka ni kosa la mtoa tiba, si udhaifu wa mteja. Udongo wa mfinyanzi hukandwa na kusukumwa, hivyo huirudishia uhai mikono iliyojaa ganzi, ingawa wapo wanaochukizwa na unyevu wake, nao wasilazimishwe. Dakika 10 za mwisho hakuna kuchora: mteja anakitazama alichokifanya, anakipa jina akitaka, kisha anarudi kwenye nyayo zake na chumba alichomo.

Turudie tena: rangi nyeusi haimaanishi mauti. Hakuna kamusi ya rangi. Anayekuambia kwamba mti usio na mizizi ni ushahidi wa kukosa malezi ya baba anapiga ramli. Wala huhitaji kujua kuchora.

Mguso huombwa ridhaa kila mara. Ridhaa ya wiki iliyopita haihalalishi mguso wa leo. Mchoro ni siri ya mteja. Kuupiga picha, kuufundishia au kuuweka mtandaoni kunataka ridhaa ya maandishi inayotaja matumizi hayo, na mteja anaruhusiwa kuiondoa.

Ukikosewa, andika siku hiyohiyo tarehe, kilichosemwa na kilichofanywa, hifadhi mchoro, kisha peleka malalamiko kwa chombo kilichomsajili mtoa tiba. Kwa kawaida mtoa tiba hutakiwa kujibu kwa maandishi, na adhabu huweza kuwa onyo, kufanya kazi chini ya usimamizi, kusimamishwa, au kufutwa kwenye rejista. Asiyesajiliwa hana pa kufutwa, kwa hiyo uliza namba ya usajili kabla ya kikao cha kwanza, uihakiki kwenye rejista yenyewe. Cheti cha semina ya siku mbili si usajili.